Kama faida imekwisha kutolewa ada, kwa nini niangalie ada?

Msomaji mmoja ameniletea swali linalohusu mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja, yote ikijitangaza kuwa ya hisa. Kipeperushi cha mfuko wa kwanza kinataja faida ya wastani wa asilimia 13.2 kwa mwaka katika miaka mitano iliyopita, na mfuko huo hutoza ada ya asilimia 2.4 kila mwaka pamoja na asilimia 3 ya kujiunga. Mfuko wa pili unataja wastani wa asilimia 11.8, ada yake ni asilimia 0.7 kwa mwaka, wala hautozi chochote mtu anapojiunga. Ofisa mauzo wa mfuko wa kwanza amemhakikishia kwamba faida inayotangazwa imekwisha kutolewa ada, na msomaji anauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini watu wanasisitiza sana suala la ada, ilhali mfuko wa ada kubwa ndio uliobaki na faida kubwa? Tayari ana akiba kiasi katika mfuko huo wa kwanza na anataka kujua kama aendelee kuweka humo. Ameambatanisha pia matokeo ya kila mwaka ya mifuko yote miwili, jambo ambalo nalishukuru, kwa kuwa bila takwimu hizo jibu langu lingekuwa la juu juu.

Ndugu msomaji, maelezo ya ofisa huyo ni ya kweli kwa sehemu. Ada ya usimamizi haikatwi mkononi mwako. Hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida kila siku, kutoka katika mali ya mfuko kabla ya thamani ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko unayonunua, kukokotolewa, kwa hiyo bei ya kipande unayoiona imekwisha kubeba makato hayo. Vivyo hivyo gharama za kununua na kuuza hisa, ambazo mara nyingi hazimo hata katika uwiano wa gharama unaotangazwa (gharama za mwaka kama asilimia ya mali ya mfuko), hupunguza thamani ya kipande bila wewe kuandikiwa stakabadhi. Lakini ada ya kujiunga ni jambo lingine kabisa. Hiyo huchukuliwa kabla fedha zako hazijaingia mfukoni, na matokeo ya mfuko hayaioni kamwe, kwa sababu hayo yanapima safari ya kipande na si safari ya fedha zako. Ada ya kutoka, malipo ya mshauri na kodi unayodaiwa wewe binafsi navyo viko nje ya hesabu hiyo.

Kabla ya kuzungumzia ada, hata hivyo, inabidi tulikague neno wastani lililomo katika kipeperushi. Matokeo uliyonitumia ya mfuko wa kwanza ni haya: mwaka wa kwanza ulipanda asilimia 38, wa pili ulishuka 14, wa tatu ulipanda 29, wa nne ulishuka 9, na wa tano ulipanda 22. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano unapata 13.2 kamili, na hapo ndipo kipeperushi kilipoitoa namba yake. Tatizo ni kwamba fedha hazikui kwa kujumlishwa. Mtu aliyepata asilimia 50 mwaka huu na kupoteza asilimia 40 mwaka unaofuata ana wastani wa faida ya asilimia 5 kwa hesabu ya kipeperushi, ilhali kila 100 aliyoweka imekuwa 150 na kisha 90, amepata hasara. Njia sahihi ni kuzidisha mwaka kwa mwaka. Weka 1,000,000 katika mfuko wa kwanza: inakuwa 1,380,000, kisha 1,186,800, kisha takriban 1,531,000, kisha 1,393,000, na mwisho wa mwaka wa tano 1,699,700. Ukuaji huo ni sawa na asilimia 11.2 kwa mwaka, si 13.2. Hakuna aliyesema uongo hapo, lakini asilimia mbili nzima zimeyeyuka kwa sababu ya aina ya wastani uliochaguliwa, na kadiri mfuko unavyopanda na kushuka kwa nguvu ndivyo pengo hilo linavyopanuka.

Mfuko wa pili ulipanda 19, kisha 3, kisha 17, kisha 4, kisha 16. Wastani wake wa kawaida ni 11.8, na ukizidisha mwaka kwa mwaka 1,000,000 inafikia 1,730,000, yaani asilimia 11.6 kwa mwaka. Tofauti kati ya wastani wake wa kipeperushi na ukuaji halisi ni ndogo kwa kuwa mwendo wake ni wa utulivu. Sasa rudisha ile ada ya kujiunga ya mfuko wa kwanza. Katika 1,000,000 yako ni 970,000 tu iliyonunua vipande, kwa hiyo baada ya miaka mitano ungekuwa na takriban 1,648,700, ambayo ni ukuaji wa asilimia 10.5 kwa mwaka. Mfuko ulioonekana kuongoza kwa asilimia 1.4 umemalizia nyuma kwa zaidi ya asilimia 1, na hatujatumia takwimu yoyote ambayo haikuwamo katika barua yako.

Hapo ningeweza kuishia, lakini swali lako lina uzito zaidi ya makosa ya kipeperushi kimoja. Chukulia kwamba hesabu zote zimefanywa kwa uaminifu na bado mfuko wa ada kubwa unaongoza baada ya makato yote. Je, ada ina umuhimu bado?

Ndiyo. Matokeo baada ya makato ni zao la vitu viwili vilivyounganishwa: alichokipata meneja sokoni, na alichokichukua kwa kazi hiyo. Kitu cha kwanza ni mchanganyiko wa ujuzi, bahati na hali ya soko katika kipindi kile, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kitajirudia. Kitu cha pili kimeandikwa katika waraka wa matarajio, yaani hati rasmi inayoeleza mfuko na masharti yake, na kitakatwa mwakani soko likipanda au likianguka. Ukirudisha ada za mwaka katika mifuko yako miwili utaona kwamba, kwa kukadiria, meneja wa kwanza alizalisha asilimia 13.6 kwa mwaka kabla ya ada na wa pili asilimia 12.3. Meneja wa kwanza, basi, kazi yake hakuifanya vibaya. Alimpita mwenzake kwa asilimia 1.3. Lakini ada yake inaizidi ya mwenzake kwa asilimia 1.7, kwa hiyo ziada yote aliyoipata, na kidogo juu yake, ilibaki katika kampuni ya usimamizi. Ili wewe utoke sare tu, anatakiwa kumshinda mwenzake kwa wastani wa asilimia 1.7 kwa mwaka, kwa muda wote utakaokaa humo.

Kwamba jambo hilo ni gumu si maoni yangu binafsi. Mwaka 1968 mchumi Michael Jensen alichapisha uchunguzi wa mifuko 115 ya Marekani katika kipindi cha 1945 hadi 1964, akaona kwamba kwa wastani haikuweza kulishinda soko, hata pale gharama zake za uendeshaji ziliporudishwa. Mwaka 1997 mtafiti wa masuala ya fedha Mark Carhart alipochunguza kama mifuko iliyofanya vizuri huendelea kufanya vizuri, aligundua kwamba sehemu kubwa ya mwendelezo huo inaelezwa na aina ya hisa zilizoshikwa pamoja na gharama, na kwamba mwendelezo ulio imara zaidi ni wa mifuko mibovu: ile ya mkiani ilielekea kubaki mkiani. Hoja ya mchumi William Sharpe ya mwaka 1991 haihitaji hata takwimu. Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko. Ukiwatoa wale wanaoshika soko zima bila kuchagua hisa, waliobaki, wanaochagua, wanashika kwa jumla soko lile lile na kupata matokeo yale yale kabla ya gharama. Baada ya gharama, kwa kuwa zao ni kubwa zaidi, kundi lao kwa wastani lazima libaki nyuma. Wapo watakaoshinda, lakini ushindi wao hulipwa na wenzao walio katika kundi hilo hilo.

Kuna mfano wa hadharani unaofaa kutazamwa kwa karibu. Mwekezaji maarufu wa Marekani, Warren Buffett, aliweka dau lililoanza mwaka 2008 na kumalizika mwishoni mwa 2017: mfuko mmoja wa bei nafuu unaofuata fahirisi (kipimo cha mwenendo wa kundi la hisa, hapa za kampuni kubwa za Marekani) ya S&P 500 dhidi ya mifuko mitano iliyochaguliwa na kampuni ya wataalamu, ambayo kila mmoja uliwekeza katika mifuko mingine ya kibinafsi, kwa hiyo mwekezaji alilipa ada katika tabaka mbili. Katika miaka hiyo kumi mfuko wa fahirisi ulikua kwa asilimia 125.8. Katika ile mitano, uliofanya vizuri zaidi ulikua kwa 87.7 na uliofanya vibaya zaidi kwa 2.8. Kinachosahaulika mara nyingi ni mwaka wa kwanza. Mwaka 2008 mfuko wa fahirisi ulianguka kwa asilimia 37, na yote mitano ilianguka kidogo kuliko huo. Mtu ambaye angefanya ulinganisho mwishoni mwa mwaka huo angehitimisha kwa kujiamini kabisa kwamba wataalamu wanastahili ada zao. Ndiyo maana miaka mitano uliyopewa ni michache kwangu. Omba kumi, na uhakikishe ndani yake mna angalau anguko moja kubwa la soko.

Uzito wa ada hauonekani katika miaka ya mwanzo, na hilo ndilo linalowapotosha watu. Tuchukulie mifuko miwili ambayo mali yake inakua kwa asilimia 10 kila mwaka kabla ya ada, mmoja ukitoza asilimia 0.5 na mwingine 2.5, hivyo kumwachia mwekezaji asilimia 9.5 na 7.5. Kwa 1,000,000 ya mwanzo, baada ya miaka mitano tofauti ni takriban 139,000, kiasi ambacho mtu anaweza kukivumilia. Baada ya kumi ni 417,000. Baada ya miaka ishirini na mitano mfuko wa kwanza una 9,668,000 na wa pili 6,098,000, tofauti ya 3,570,000, ambayo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya fedha yote aliyoanza nayo. Bila ada yoyote fedha hiyo ingefikia 10,835,000. Kwa maana hiyo ada ya asilimia 2.5, ambayo masikioni ni kitu kidogo, imekula karibu nusu ya faida yote. Sababu ni kwamba kila kinachokatwa leo hakipotei peke yake. Kinaondoka pamoja na faida ambayo kingeizaa katika miaka yote iliyobaki. Tena asilimia hiyo hupigwa juu ya mali yako yote, mtaji na faida pamoja, hata katika mwaka ambao hukupata kitu.

Ada ya kujiunga ina tabia tofauti. Asilimia 3 ya mara moja, kwa mtu anayekaa mwaka mmoja, ni asilimia 3 nzima. Kwa anayekaa miaka mitatu ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Kwa anayekaa ishirini ni karibu asilimia 0.15. Kwa hiyo mtu wa muda mfupi aogope zaidi mlango wa kuingia na wa kutoka, na mtu wa muda mrefu aogope zaidi ada ya mwaka, hata kama hiyo ya mlangoni ndiyo inayouma kwa sababu inaonekana. Baadhi ya mifuko huongeza ada ya ufanisi, yaani sehemu ya faida inayovuka kiwango fulani. Ukikutana nayo, uliza swali moja tu: je, mfuko ukishuka, unatakiwa kuvuka kilele chake cha zamani kabla ya kutoza tena? Kama jibu ni hapana, unaweza kulipia mlima ule ule mara mbili.

Katika mifuko ya hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni) na ya soko la fedha (amana na mikopo ya muda mfupi) suala hili ni kali zaidi, ingawa watu hulitazama kwa ulegevu kwa kuwa mifuko hiyo huonekana salama. Mfuko unaopata asilimia 6 na kutoza 1.5 umechukua robo ya mapato. Ukizingatia mfumuko wa bei wa asilimia 4, mapato halisi kabla ya ada yalikuwa asilimia 2 tu, na ada imechukua robo tatu yake. Mameneja wa hatifungani zenye ubora ule ule hawana nafasi kubwa ya kupishana, kwa hiyo katika kundi hilo mimi huanza na ada ndipo nisome mengine.

Sasa nirudi kwenye takwimu zako, kwa sababu kuna jambo linalonitatiza kuhusu mfuko wa pili. Katika miaka miwili ambayo mwenzake alishuka kwa asilimia 14 na 9, wenyewe ulipanda kwa 3 na 4, na katika miaka mizuri ulipanda kwa kati ya nusu na robo tatu tu ya mwenzake. Mfuko wa hisa tupu katika soko lile lile huwa haufanyi hivyo. Ninashuku kwamba sehemu kubwa ya mali yake iko katika hatifungani au amana za benki, vyovyote unavyojitangaza, na orodha ya mali katika taarifa yake ya mwaka itakujulisha kwa dakika chache. Kama ni kweli, mifuko yako miwili si ya aina moja, na ulinganisho tulioufanya unaeleza kilichotokea katika miaka mitano hii bila kueleza nani ni meneja bora. Katika kipindi kirefu cha soko kupanda, mfuko wa hisa unaweza kuuacha mbali mfuko mchanganyiko licha ya ada yake. Ndiyo sababu mfuko hupimwa kwa kigezo kinacholingana na kile unachoshika: wa hisa kwa fahirisi ya hisa, mchanganyiko kwa mchanganyiko wa vigezo.

Katika kigezo chenyewe kuna ujanja wa kuangalia. Fahirisi nyingi hutangazwa kwa bei tu, bila gawio, wakati mfuko hupokea gawio na kuliwekeza tena. Mfuko unaojilinganisha na fahirisi ya bei umejipa zawadi ya gawio la soko zima kila mwaka, na meneja wa kawaida kabisa anaonekana hodari. Dai fahirisi inayojumuisha gawio. Na kampuni ikikuonyesha wastani wa mifuko yake yote, uliza kama iliyofungwa au kuunganishwa na mingine imo katika wastani huo, kwa maana inayofungwa kwa kawaida si ile iliyofanya vizuri, na ikiondolewa katika kumbukumbu ile iliyobaki hupendeza kuliko historia ilivyokuwa.

Kuhusu misukosuko, wapo wanaoidharau wakisema kwamba mwekezaji wa muda mrefu havijali vipindi vya kushuka. Kwa hesabu wana hoja, lakini kwa tabia za watu wengi ninaowashauri hawana. Matokeo ya mfuko yanachukulia mtu aliyeweka fedha siku ya kwanza na asiguse. Mtu halisi huvutiwa na mwaka mzuri. Tuseme mfuko umepanda asilimia 60 na mwaka uliofuata ukashuka 20. Kwa miaka miwili umekua asilimia 28 na utatangaza zaidi ya asilimia 13 kwa mwaka. Aliyeweka 100,000 mwanzoni na, baada ya kuona ule mwaka wa kwanza, akaongeza 900,000, anamaliza na 848,000. Amepoteza 152,000 katika mfuko uliofanya vizuri, na hakuna taarifa ya mfuko itakayoandika hasara hiyo. Mfuko wako wa kwanza una mwendo wa aina hiyo. Pima kama katika ule mwaka wa kushuka asilimia 14 uliongeza, ulitoa, au ulitulia. Hilo lina uzito sawa na hesabu zangu zote za ada.

Wala simaanishi kwamba mfuko wa ada ndogo ni mzuri kwa kuwa ada yake ni ndogo. Mfuko wa fahirisi unaoachwa nyuma na fahirisi yake kwa zaidi sana ya ada yake unaendeshwa vibaya. Mfuko usiosajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, au ambao mali yake haiko mikononi mwa mtunzaji aliye tofauti na meneja, haufai kufikiriwa hata ukiwa wa bure.

Kwa akiba yako, ningefanya hivi. Ile asilimia 3 uliyolipa ulipojiunga haitarudi iwe utakaa au utaondoka, kwa hiyo isikushike. Fedha mpya ningeacha kuzipeleka katika mfuko wa kwanza kuanzia sasa, kwa kuwa kila mchango mpya unalipa tena mlangoni. Kama orodha ya mali ya mfuko wa pili itaonyesha kuwa ni mchanganyiko, na wewe una miaka kumi au zaidi mbele yako, tafuta mfuko wa tatu ulio wa hisa kweli na wenye ada ya chini, uulinganishe na wa kwanza kwa kuzidisha mwaka kwa mwaka kama tulivyofanya. Fedha zilizokwisha kuwamo zisihamishwe kabla hujasoma kifungu cha ada ya kutoka na kujua kodi utakayodaiwa. Ada ya kutoka ikiwa asilimia 1, na ada mpya ya mwaka ikiwa pungufu kwa asilimia 1.7, gharama ya kuhama inarudi katika kipindi cha miezi saba au minane, mameneja wakiwa sawa kwa uwezo. Ikiwa asilimia 4, itachukua zaidi ya miaka miwili. Baadhi ya mifuko hupunguza ada hiyo au kuifuta mwanachama akifikisha muda fulani, kwa hiyo uliza ni tarehe ipi muda wako utatimia, na wakujibu kwa maandishi.